Jasho na Bei: Filamu za Emmanuel Gras Zikitazamwa Kutoka Kolwezi

Filamu ya Emmanuel Gras iliyotwaa tuzo kuu ya Juma la Wahakiki huko Cannes mwaka 2017 inaitwa Makala. Msomaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa akilisikia jina hilo atadhani ni habari ya gazetini au insha ya kitaaluma. Msomaji wa Kolwezi ananusa moshi. Maneno haya mawili hayana undugu wowote. La kwanza limetoka katika Kiarabu. La pili ni neno la kale la Kibantu ambalo Kiswahili cha pwani kimelidondoshea sauti /l/ kati ya irabu na kubakiwa na makaa, kama kilivyoidondosha katika njala kikapata njaa. Wasemaji wa Kiswahili cha Katanga, ambao wengi wao wanazo pia lugha za jirani zilizoihifadhi sauti hiyo, wanasema makala na njala hadi leo. Kwa hiyo mtazamaji wa Lualaba anapewa, hata kabla ya picha ya kwanza, jambo ambalo si kawaida kulipata katika sinema: jina la filamu lililoandikwa kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kusahihishwa.

Wapenzi wa filamu za Gras ni wachache katika ukanda wa shaba, kwani filamu hizo hazikupita katika majumba ya sinema ya huku. Hata hivyo wanaozifahamu huzishika kwa nguvu, na sababu zao zinastahili kuelezwa, pamoja na mipaka yake.

Gras ni Mfaransa, mpigapicha kwa taaluma, na ndiye anayeshika kamera katika filamu zake. Filamu yake ndefu ya kwanza, Bovines, ya mwaka 2011, inahusu ng'ombe wa Normandie. Hakuna msimulizi, hakuna muziki wa kumwongoza mtazamaji nini cha kuhisi, na binadamu wanaonekana kwa nadra tu. Ng'ombe wanakula majani, wanalala, wananyeshewa. Mmoja anautikisa mti wa tofaa ili matunda yaanguke. Kisha ndama wanachukuliwa kwa gari, na mama zao wanabaki uani wakilia. Mtu anayetazama kwa haraka atasema hakuna kinachotokea. Lakini yeyote aliyewahi kuchunga mifugo atatambua kwamba hapa kuna mwongozaji mwenye subira ya mchungaji. Anaiweka kamera kwenye kimo cha mnyama, anasubiri, wala haikati picha kabla tendo halijakwisha.

Filamu iliyofuata, 300 hommes, aliyoiongoza pamoja na Aline Dalbis, inaihamishia subira hiyo kwenye makazi ya usiku ya wanaume wasio na nyumba mjini Marseille. Baada ya Makala ilikuja Un peuple, ya mwaka 2022, kuhusu waandamanaji wa vizibao vya njano katika mji wa Chartres. Hiyo ya mwisho ina maneno mengi kuliko zote, na labda ndiyo sababu haina nguvu sawa na nyingine: mikutano na mabishano humlazimisha mwongozaji akate picha, na Gras akikata picha anafanana na waongozaji wengine.

Lakini kwa mtazamaji wa Kolwezi kitovu cha kazi hii yote ni Makala. Gras aliwahi kufanya kazi Katanga akiwa mpigapicha wa filamu za wengine, na huko aliwaona wanaume wakisukuma barabarani baiskeli zilizobeba magunia kuliko uwezo wa baiskeli yoyote. Kutokana na hao alimchagua mmoja, Kabwita Kasongo, wa kijiji cha Walemba, kilometa zipatazo 50 kutoka mjini. Kisa kinaelezeka kwa sentensi chache. Kabwita anaangusha mti mkubwa kwa shoka, anaukata vipande, anavifunika kwa udongo, anachoma, anafukua, anafunga magunia, anayapakia kwenye kinga (ndivyo baiskeli inavyoitwa Katanga) na kuisukuma mpaka Kolwezi. Njiani lori linampiga kumbo. Kwenye mlango wa mji wapo wanaodai chao kabla hajapita. Anauza. Anataka kununua mabati ya nyumba ambayo yeye na mkewe, Lydie, wanaiota, na bei ya mabati inamshinda.

Kabla ya kuingia katika uhakiki wenyewe, inafaa kukumbuka jinsi Kolwezi ilivyokuwa imeonyeshwa katika sinema mpaka hapo. Raoul Coutard, mpigapicha mashuhuri wa Godard, aliongoza mwaka 1980 filamu ya La Légion saute sur Kolwezi kuhusu vita vya Mei 1978. Picha zake nyingi zilipigwa Guyane ya Wafaransa, ng'ambo ya Atlantiki, na wenyeji wa mji humo ni kama miti ya kando ya njia. Thierry Michel, Mbelgiji aliyeipigia Kongo picha kwa miongo kadhaa, alitoa Katanga Business mwaka 2009: humo wamo gavana, matajiri wa migodi, wakuu wa Gécamines, wawekezaji wa Kichina na wachimbaji wadogo wanaogombana na kampuni. Ni filamu yenye habari nyingi na yenye kufaa sana kwa mwanafunzi wa uchumi. Idriss Gabel naye alitoa mwaka 2016 Kolwezi on Air, kuhusu watangazaji wa televisheni ya hapa mjini, na humo Kolwezi ilianza kujisemea. Hata hivyo, kwa Coutard na Michel mji huu ni ama bunduki ama madini.

Katika Makala madini yanapita tu. Ni taa za malori usiku, ni vumbi linalommeza mtu na baiskeli yake, ni honi. Gras haelezi malori hayo yamebeba nini, na mtu wa Lualaba hahitaji kuelezwa. Uamuzi huu wa kuuweka utajiri wa mkoa pembeni ya picha, na kumweka katikati mtu anayeusogea ukingo wa barabara ili utajiri huo upite, unaeleza zaidi ya mahojiano kumi na wakurugenzi. Kuna na la ziada ambalo mgeni hawezi kuliona. Mabwawa ya umeme ya Nzilo na Nseke, yote katika mto Lualaba na yote karibu na Kolwezi, yalijengwa na kampuni ya Union Minière katika miaka ya 1950 kwa ajili ya mitambo ya shaba. Umeme huo ungali unaitumikia kazi ya madini kwanza. Jikoni kwa watu wengi wa mji huo, ugali unapikwa kwa makala. Mti wa msituni unaoanguka mwanzoni mwa filamu unakatwa kwa sababu hiyo, wala si kwa sababu Kabwita ni mtu wa jadi asiyejua mengine. Filamu hailisemi jambo hili, na hapa subira ya Gras inageuka kuwa upungufu: kukaa kimya juu ya ng'ombe wa Normandie hakumpotoshi mtu, ila kukaa kimya juu ya umeme wa Lualaba kunaweza kumfanya mtazamaji wa Paris aamini kwamba umaskini huu umeota wenyewe kama nyasi.

Wahakiki wa Ulaya waliisifu zaidi sehemu ya safari. Wapo waliomtaja Sisyphus, yule wa hadithi za Wayunani aliyelaaniwa kusukuma jiwe milele. Ulinganisho huo unaeleweka. Safari ina picha zisizosahaulika: mgongo ulioinama, tairi katika mchanga, gunia linalozidi kimo cha mtu, na zeze kubwa la Gaspar Claus likilia chini ya hayo yote. Lakini ndipo penye hatari ya filamu hii. Kadiri picha inavyozidi kuwa nzuri na muziki unavyozidi kuwa mzito, ndivyo Kabwita anavyozidi kupungua kuwa mtu mwenye jina na kuwa ishara ya binadamu kwa jumla. Gras wa Bovines, ambaye hakuwawekea ng'ombe muziki, angemwachia Kabwita mlio wa mnyororo na pumzi zake mwenyewe, na hasara isingekuwapo.

Thamani kubwa ya filamu iko kwingine, katika sehemu ambayo maandishi ya Kifaransa chini ya picha yanaipunguza nguvu: kupatana bei. Kabwita akishafika mjini, mtu ambaye kwa muda mrefu alikuwa mwili unaosukuma anakuwa ghafla ulimi unaohesabu. Wanunuzi wanalikagua gunia, wanalalamika, wanashusha bei. Naye anajitetea, anapunguza kidogo, anasita. Sisyphus hakuwa na bei ya kutaja wala mteja wa kumbembeleza. Jiwe lake halikuliwa na mtu. Makala ya Kabwita yana thamani inayojulikana kwa wote waliopo pale, na ubishi wenyewe unahusu ni nani atakayelipia jasho la zile kilometa 50.

Msikilizaji wa Kiswahili anayapata katika sehemu hiyo mambo ambayo msomaji wa tafsiri anayakosa. Katika masoko ya Katanga, mazungumzo ya biashara huendeshwa kwa majina ya ukoo: mteja ni mama au yaya, mwuzaji ni papa au ndugu. Mtu akishaitwa ndugu, kukataa bei yake kunakuwa kukataa undugu, na pande zote mbili hulitumia jambo hilo kwa ustadi. Tena kiasi cha fedha hutajwa mara nyingi kwa Kifaransa ndani ya sentensi ambayo yote ni Kiswahili, kwa hiyo sikio linasikia lugha ya utu na lugha ya hesabu zikipokezana kinywani mwa mtu mmoja. Tafsiri ikiandika kila kitu kwa Kifaransa kimoja kilichonyooka, upokezanaji huo unapotea, na kinachobaki ni watu maskini wanaobishania senti. Hapo aliyesikia lugha na aliyesoma maandishi wametazama filamu mbili.

Ni ajabu kwamba mwongozaji ambaye Kiswahili si lugha yake ndiye aliyeiacha sehemu hii iendelee kwa urefu wake wa kweli. Labda ni kwa sababu hiyo hiyo. Mtu anayefahamu kila neno hushawishika kuchagua maneno yaliyo bora na kuyatupa mengine. Gras aliyasikiliza mazungumzo kama alivyowasikiliza ng'ombe, kwa mfuatano wa sauti na vituo vyake, akayaacha yafike mwisho. Wanaokumbuka maigizo ya kundi la Mufwankolo la Lubumbashi watatambua mwendo huo: mgogoro usiokimbilia suluhisho, maneno yanayorudiwarudiwa mpaka mmoja achoke. Tofauti ni kwamba kwa Mufwankolo hadhira ilicheka.

Swali la maadili limeulizwa na litaendelea kuulizwa: je, ni haki kumpiga picha mtu anayesukuma mzigo huku mpigapicha hasukumi? Jibu la kwamba filamu ya hali halisi lazima ijitenge halitoshi, kwa sababu kamera iliyo hatua mbili kutoka kwa tairi haijajitenga. Yanayoweza kusemwa kwa kumtetea Gras ni mawili. Hakumhoji Kabwita ili amlalamikie mbele ya wageni, wala hakumwekea sauti ya Mzungu ya kumweleza. Na hakumficha akiwa na furaha: zipo picha za mtu na mkewe wakiipanga nyumba ambayo bado ni uwanja mtupu, na ipo safari ya kupeleka viatu kwa binti anayelelewa mjini na ndugu wa mama yake. Katika picha hizo Kabwita ni baba mwenye mipango, na mabati anayoulizia bei ni ya nyumba inayojulikana itasimama wapi.

Ibada ya usiku inayokaribia mwisho wa filamu imewagawa hata wapenzi wake. Baada ya soko na baada ya mabati kushindikana, Kabwita anaingia mahali pa sala, kati ya watu wengi wanaoomba kwa sauti, kila mmoja na shida yake. Wapo wanaoiona kama njia rahisi ya kuimalizia hadithi isiyo na ufumbuzi. Lakini anayejua miji ya ukanda wa shaba anajua kwamba sala hizo ni sehemu ya juma kama soko lilivyo, na kuziondoa kungekuwa kumtengenezea Kabwita maisha ya kufikirika. Isitoshe, kisanaa ndipo mahali pekee ambapo Kabwita anasema bila kujibiwa na bei.

Kwa idara za Kiswahili za Lubumbashi na Kolwezi, filamu hii ina kazi nyingine inayosubiri. Wanafunzi wa isimu wangeweza kuyanukuu mazungumzo ya sehemu ya soko neno kwa neno kutoka kwenye sauti, wakiyaziba maandishi ya Kifaransa kwa ukanda wa karatasi chini ya kioo, kisha wakayaweka kando ya tafsiri iliyopo na kuhesabu kila ndugu, kila mama na kila yaya ambaye hakuvuka.