Magofu ya Oradour: Ufundi wa Mfululizo wa The World at War

Mfululizo wa The World at War, uliorushwa nchini Uingereza na Thames Television kuanzia Oktoba 1973 hadi Mei 1974, ni filamu ya makala, yaani filamu inayojengwa kwa picha halisi na kauli za mashahidi badala ya waigizaji, na katika sehemu zake 26 inasimulia Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mtayarishaji wake, Jeremy Isaacs, alimwomba Noble Frankland, mkurugenzi wa Imperial War Museum, ataje mapambano makuu 15, kisha sehemu 11 zilizosalia akazitenga kwa mambo yasiyoonekana kwenye ramani za majenerali, yakiwamo maisha ya raia wa Ujerumani, Uholanzi chini ya utawala wa wavamizi na mauaji ya kimbari ya Wayahudi.

Frankland, aliyekuwa amelalamikia namna mfululizo wa BBC wa mwaka 1964, The Great War, ulivyochanganya picha za kweli na za kuigiza, alishikilia kwamba picha ya hifadhini iheshimiwe kama hati ya kihistoria. Kwa upande wa mashahidi, Isaacs aliwapendelea makatibu, askari wa kawaida na raia, hivyo kwamba Traudl Junge, aliyekuwa katibu wa Hitler, anasikika katika mfululizo uleule wanamosikika Waingereza na Warusi, huku msimulizi, Laurence Olivier, akisema machache na kuiachia picha nafasi. Kwa mpangilio huo hakuna taifa linalobaki na simulizi lake peke yake, kwa kuwa msiba wa kila upande unasikilizwa na upande wa pili.

Ufundi huo unafikia kilele katika Oradour-sur-Glane, kijiji cha Ufaransa ambako tarehe 10 Juni 1944 askari wa SS, jeshi la chama cha Nazi, waliwaua watu zaidi ya 600, wanawake na watoto wakiwamo. Sehemu ya kwanza ya mfululizo inafunguka kwa magofu ya kijiji hicho na ya mwisho inayarudia, ili mtazamaji, akiwa sasa amekwisha kusikia yote, ayaone kwa macho mengine. Uzito wa mahali hapo unazidi mtu akikumbuka kwamba katika kesi ya mauaji hayo iliyosikilizwa Bordeaux mwaka 1953, washtakiwa 14 kati ya 21 walitoka Alsace, jimbo la Ufaransa lililokuwa limetwaliwa na Ujerumani, na karibu wote walikuwa wameingizwa jeshini kwa nguvu.

Urithi wa pamoja wa Ulaya, kwa hiyo, haukomei kwenye makanisa na muziki, bali unajumuisha makaburi ambayo hatia na majonzi yake hayafuati mipaka ya nchi. Mnamo Septemba 2013, karibu miaka 40 baada ya mfululizo huo kuanza kurushwa, Rais Joachim Gauck wa Ujerumani na Rais François Hollande wa Ufaransa walipita pamoja katika magofu yaleyale, wakiwa na mzee aliyenusurika.