Joto la Tembe: Fani na Maudhui ya Makao ya Kipupwe Ilongero

Vitabu vya hadithi vilivyoletwa katika shule zetu kutoka Ulaya, pamoja na tafsiri zake, huzungumzia sana msimu ambao majani ya miti hugeuka rangi na kupukutika, na watu wakaanza kutengeneza nyumba zao tayari kwa baridi: mapazia mazito, mazulia, mishumaa mezani, kuni zikiwaka ndani ya tanuri la ukutani. Watafsiri wetu wamezoea kuuita msimu huo vuli. Kwa mwanafunzi wa Ilongero neno hili ni fumbo mara mbili. Vuli, kwa watu wa pwani waliolibuni neno lenyewe, ni mvua ndogo za Oktoba hadi Desemba, yaani wakati wa kupanda na kuchipua, wala si wakati wa kupukutika. Zaidi ya hayo, mvua za Mkoa wa Singida ni za msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, hivi kwamba hata vuli ya pwani yenyewe haiko huko. Mwanafunzi husoma juu ya raha ya nyumba katika msimu asioujua, kwa jina la msimu mwingine ambao pia haujui.

Si neno tu lililo mashakani hapa. Msomaji aliyelelewa kwa picha hizo huishia kuamini kwamba ustadi wa kuifanya nyumba iwe ya kupendeza wakati wa baridi ni mali ya Wazungu, na kwamba sisi tulikuwa tukilala tu. Tunakusudia kuonyesha kwamba Unyaturu ulikuwa na sanaa kamili ya makao ya baridi, na kuihukumu sanaa hiyo kama tunavyohukumu kazi yoyote ya sanaa, kwa kutazama fani yake na maudhui yake, bila kuipendelea kwa sababu ni ya kwetu.

Ilongero iko kaskazini ya mji wa Singida, katika uwanda wa juu ambao kwa sehemu kubwa uko kwenye mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari. Mvua zikishakatika na mtama na uwele kuvunwa, nchi hukauka upesi. Juni huingia na kipupwe. Mchana jua huwaka, lakini upepo wa mashariki na kusini-mashariki huvuma bila kuchoka, nao ni upepo ambao mtu wa Singida hahitaji kuelezwa habari zake. Usiku mbingu huwa wazi, hazina wingu la kuifunika ardhi, na joto lote la mchana hupaa likapotea. Hiyo ndiyo baridi yetu. Haina theluji wala haipukutishi majani kwa rangi za kupendeza. Huja na vumbi na midomo iliyopasuka. Lakini ni majira ya ghala lililojaa, na hapo ndipo inapofanana kweli na msimu ule wa vitabuni: kazi ya shamba imekwisha, chakula kipo, usiku una baridi, na watu wana nafasi ya kukaa pamoja.

Nyumba iliyobuniwa kwa majira haya ni tembe. Wanyaturu hawakuwa peke yao katika kuijenga. Wagogo, Wanyiramba, Wairaqw na Warangi nao waliijenga, kila watu kwa namna yao. Kwa ufupi, ni nyumba ya mstatili, fupi kwa kimo, yenye nguzo za panda zinazobeba boriti, na juu ya boriti fito zilizobanana, kisha matawi madogo na nyasi, na juu ya yote tabaka nene la udongo. Paa ni bapa. Kuta hukandikwa kwa udongo, kisha husiribwa kwa udongo laini uliochanganywa na samadi, na pengine majivu. Mlango ni mmoja, na madirisha, kama yapo, ni matundu tu.

Wageni wengi waliipita nyumba hii wakaiandika kuwa ni giza na ufupi. Hata baadhi yetu tuliosoma tulirithi kasumba hiyo, tukaiweka tembe katika orodha moja na ujinga na maradhi. Fani yake lakini haieleweki kwa kuitazama kutoka barabarani. Kila kinachoonekana kuwa upungufu kina kazi yake. Paa lile zito hupokea jua la kutwa nzima polepole, likaliweka kama akiba, na usiku wa manane, wakati nje kunaganda, bado linarudisha ndani kile lilichokipokea mchana. Bati haliwezi kufanya hivyo. Bati ni jembamba; saa saba mchana humchoma mtu kichwani, na saa saba usiku limekwisha kuwa baridi kama jiwe la mtoni, kwa sababu halina mahali pa kuweka akiba. Ufupi wa nyumba hauupi upepo ukuta wa kusukuma. Mlango mmoja hauruhusu upepo uingie huku na kutokea kule. Mwalimu wa fizikia anayetafuta mfano wa kuhifadhi na kupoteza joto hana haja ya kwenda mbali na uwanja wa shule yake.

Ndani, joto lilikuwa na vyanzo vitatu: udongo, moto wa mafiga, na miili. Miili tunayosema si ya watu tu. Katika nyumba nyingi ndama na mbuzi walilala chini ya paa lile lile, wakitengwa na watu kwa kizuizi. Mwanafunzi wa leo hucheka akisikia hayo. Mnyama aliyelala ni jiko lisilohitaji kuni, tena hutoa samadi, na Wanyaturu ni watu waliojulikana kwa kurutubisha mashamba yao kwa mbolea ya ng'ombe. Profesa Harold Schneider, Mmarekani aliyewachunguza Wanyaturu wa Wahi na kuchapisha kitabu chake mwaka 1970, alijishughulisha hasa na uchumi: ng'ombe, nafaka, na mabadilishano baina yao. Bibi Marguerite Jellicoe naye, katika kitabu chake cha mwaka 1978, aliwafuatilia Wahi hao hao ili aeleze mabadiliko ya jamii. Hatuwadai waandishi hao kile ambacho hawakukusudia. Ila msomaji akitaka kujua jioni ya kipupwe ilikuwaje ndani ya nyumba, itambidi atoke maktabani awaulize wazee.

Tuje kwenye maudhui. Vitu vya raha katika tembe havikuwa mapambo yaliyotundikwa ili vitazamwe. Kilindo cha gome la mti kilichojaa uwele kilisimama ndani, mtu akakiona kila alipofumbua macho. Tunadhani hakuna zulia linaloweza kumpa mtu utulivu wa namna hiyo katika nchi ambayo mvua huikosa mara kwa mara. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa kitanda. Kibuyu cha maziwa ya mgando kilining'inia mahali penye moshi. Ugali wa uwele uliliwa pamoja na mlenda, na asali haikuwa kitu cha ajabu, maana Singida ni nchi ya nyuki. Kisha hadithi na vitendawili vikaanza. Yafaa walimu wa fasihi waliangalie jambo hili: tunafundisha fasihi simulizi kana kwamba ilielea hewani. Haikuelea. Ilikuwa na chumba chake chenye kimo fulani, mwanga wa kutoka chini, na wasikilizaji waliobanana kwa sababu ya baridi. Kitendawili cha nyumba isiyokuwa na mlango, ambacho kila mtoto hujibu kuwa ni yai, kina ladha nyingine kikitegwa ndani ya nyumba ambayo mlango wake umekwisha fungwa kwa usiku. Fasihi ile ilikuwa sehemu ya samani za nyumba.

Hata hivyo mhakiki anayeishia hapo hajahakiki, ameimba sifa. Tembe ilikuwa na kasoro nzito, na hatuna budi kuzitaja kwa majina yake. Moshi usio na njia ya kutokea huharibu mapafu na kuchoma macho. Nyufa za kuta na sakafu ya udongo zilikuwa maskani ya papasi, kupe anayeleta homa ya papasi, na maradhi hayo yaliwatesa watu wa nyumba za namna hii katika Tanzania ya Kati kwa miaka mingi. Mchwa walikula nguzo kimya kimya, na paa zito likilowa katika mvua nyingi liliweza kuwaangukia wenyewe. Fito nazo zilitoka msituni, na msitu una mwisho.

Kasoro kubwa kuliko zote haikuwa katika jengo. Iko katika swali ambalo masimulizi yetu ya jioni ya zamani hulikwepa: ni nani aliyestarehe? Kuni zilizouwasha moto ule zilichukuliwa kichwani na mwanamke. Aliyesaga uwele kwenye jiwe ni mwanamke. Aliyechota maji ya kuukanda udongo na kuisiriba kuta baada ya mavuno, kabla upepo haujafika, aghalabu ni mwanamke. Tena mtu aliye karibu zaidi na mafiga ndiye anayemeza moshi mwingi zaidi. Anayeisifu tembe bila kuliuliza swali hili anaisifu kwa macho ya aliyeketi, si ya aliyesimama.

Sasa tutazame yaliyofuata. Mwaka 1962 Mwalimu Julius Nyerere aliunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akikusudia kuwarudishia wananchi fahari ya mambo yao. Lilikuwa tendo kubwa. Lakini katika utekelezaji utamaduni ulielekea kuwa kitu cha jukwaani: ngoma ilipewa jukwaa, na nyumba, kwa kuwa haichezi, haikupewa. Ni kweli kwamba Makumbusho ya Kijiji pale Kijitonyama, Dar es Salaam, yaliyoanzishwa katika miaka ya 1960, yalizikusanya nyumba za makabila mbalimbali mahali pamoja, na mwanafunzi yeyote akifika Dar es Salaam yafaa azione. Ila nyumba ya makumbusho hailali mtu. Tembe iliyojengwa kwenye joto na unyevu wa pwani ni kama jibu lililonakiliwa bila swali lake. Mtazamaji huona paa bapa, akashangaa, akapiga picha, akaondoka bila kujua kwamba paa lile liliundwa kwa ajili ya saa kumi ya usiku wa Julai huko Unyaturu.

Kisha zikaja operesheni za vijiji za miaka ya 1973 hadi 1976. Watu wengi waliyaacha mahame yao wakajenga upya katika vijiji vilivyopangwa kwa mistari. Faida za kuwa karibu na shule, zahanati na kisima hatuzikatai. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 nayo iliwafikia watu wazima wengi kwa redio na vikundi vya kujisomea, ikahimiza vyoo na maji safi. Lakini nyumba za mistari hutazama barabara, na barabara haijui upepo unatoka wapi. Zamani mjenzi aliuliza kwanza upepo. Sasa aliuliza ramani. Uzio wa minyaa uliozunguka boma la mtu mmoja ukakosa mahali.

Leo bati limeshinda, nasi hatulililii tembe. Bati halipitishi mvua kirahisi, huchuma maji ya kunywa, na halihitaji kukatwa fito kila baada ya miaka michache. Tunachokilaumu ni kwamba bati lilichukuliwa kama neno la mwisho, fani ikabadilishwa bila kuuliza maudhui yatakaa wapi. Nyumba ya tofali moja moja na bati tupu, isiyo na dari, ni nyumba ya kisasa kwa jirani anayepita. Kwa mtoto anayelala ndani wakati wa kipupwe ni kibanda cha sokoni. Watu hununua makochi na mapazia ya kung'aa, wakaipamba sebule kwa mfano wa picha za mbali, na usiku hujikunyata ndani ya blanketi mbele ya mapambo hayo.

Dawa zake si za gharama ya kutisha. Ukuta mnene wa tofali za udongo huhifadhi akiba ya joto kama ulivyohifadhi ukuta wa zamani. Dari, hata ya vifaa vya papo hapo, hutenga bati na watu. Minyaa ikipandwa upande wa upepo huukata makali. Jiko lenye bomba la moshi humwondolea mpishi adha, nalo hupunguza kuni. Mlango ukiwekwa upande usiovumiwa hauongezi hata senti moja. Mambo haya yangefaa kuanzia kwenye mabweni ya shule zetu, ambako vijana wengi hulala chini ya bati moja katika miezi ambayo ndiyo ya mitihani ya nusu mwaka.

Mwaka 1967 tuliambiwa katika Elimu ya Kujitegemea kwamba shule isiyajue ya mbali tu na kuyadharau ya jirani. Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wa Ilongero na kwingineko kwenye uwanda huu somo moja dogo la Julai. Zitafutwe nyumba mbili, tembe moja kati ya zile zilizosalia na nyumba moja ya bati, kwa idhini ya wenyewe. Wanafunzi watundike kipimajoto katika kila moja, wasome na kuandika mchana, jioni na usiku kwa muda wa juma zima. Usomaji wa mwisho uwe saa kumi na moja alfajiri, kabla moto haujachochewa, na pembeni mwa tarakimu waandike ni nani ndani ya nyumba aliyekuwa amekwisha amka.