Wasifu Usiomtaja Mwenyewe

Katika filamu ya I'm Not There, iliyotoka mwaka 2007, hakuna mtu anayeitwa Bob Dylan. Yupo mtoto mweusi wa miaka 11 anayedandia treni za mizigo na kujiita Woody Guthrie, jina la mwimbaji mkongwe wa nyimbo za kiasili. Yupo kijana wa miaka 19 anayehojiwa kama mshtakiwa, na jina analolitoa ni la mshairi Mfaransa Arthur Rimbaud. Yupo Jack Rollins, mwimbaji wa nyimbo za kutetea wanyonge ambaye miaka ikipita anageuka mchungaji. Yupo Robbie Clark, mwigizaji ambaye ndoa yake inamponyoka mikononi. Jude Quinn, nyota anayezomewa na mashabiki waliompenda jana. Na Billy the Kid, jambazi anayezeeka mafichoni. Jina la Dylan linaonekana mara moja mwanzoni, katika maandishi yanayosema kwamba filamu imetokana na muziki wake na maisha yake mengi.

Mwongozaji Todd Haynes aliyachukua maneno hayo mawili, maisha mengi, kama yalivyo. Akawagawia waigizaji sita.

Ili kuona ujasiri wa uamuzi huo, mtu akumbuke filamu za wasifu wa wanamuziki zilivyokuwa zikitengenezwa miaka ileile. Ray ya mwaka 2004 ilimpa Jamie Foxx tuzo ya Oscar kwa kumwigiza Ray Charles, na Walk the Line ya mwaka 2005 ilisimulia maisha ya Johnny Cash. Zote mbili zimeshonwa kwa ustadi, na zote mbili zinatafuta chanzo cha mtu mzima katika jeraha moja la utotoni: kifo cha ndugu yake. Baada ya hapo njia inajulikana. Umaskini, kipaji, umaarufu, dawa za kulevya, mapenzi, toba, na jukwaa lenye taa. Mtazamaji anatoka akiamini amekabidhiwa ufunguo wa moyo wa mtu.

Dylan hafunguki kwa ufunguo wa namna hiyo. Alizaliwa Robert Allen Zimmerman mwaka 1941 mjini Duluth, jimbo la Minnesota, akakulia Hibbing, mji wa machimbo ya chuma. Alipoingia New York Januari 1961, akiwa na miaka 19, alikuwa tayari amejitungia jina, lafudhi na historia; aliwaambia watu kwamba ujana wake aliumaliza akizurura na kundi la maonyesho ya barabarani. Wazazi wake walikuwa hai na wazima kule Minnesota. Msimulizi wa kawaida angeyaweka hayo kando kama uongo wa kijana anayetafuta riziki, kisha amwonyeshe "Dylan wa kweli". Haynes aliona kwamba kule kujitunga ndiko kweli yenyewe, na kwamba mtu aliyejitunga upya kila baada ya miaka michache anahitaji filamu inayojitunga upya kila baada ya dakika chache.

Ndipo anapokuja yule mtoto, anayeigizwa na Marcus Carl Franklin. Mwaka ni 1959, lakini nyimbo zake ni za ukame na njaa ya miaka ya 1930, na mkoba wa gita lake una maneno yaleyale ya kupinga ufashisti ambayo Guthrie aliyabandika kwenye gita lake. Kwa umri wake, hakuna hata jambo moja analolisimulia ambalo angeweza kuwa ameliishi. Wasikilizaji wanamwamini hata hivyo, kwa sababu anaimba vizuri kupita kiasi. Mwanamke mmoja anayemkaribisha nyumbani na kumlisha ndiye anayemkata kauli: aimbe habari za wakati wake mwenyewe. Kwa mtoto huyo Haynes ameeleza uhusiano wa Dylan na Guthrie vizuri kuliko ambavyo mwigizaji mwenye sura ya Dylan angeweza. Kuvaa maisha ya mtu mwingine kunaonekana wazi, na uzuri wa kuvaa huko unaonekana pia. Guthrie halisi alikuwa amelazwa katika hospitali ya Greystone Park, New Jersey, akidhoofishwa na ugonjwa wa Huntington, na Dylan kijana alikwenda kumwona huko. Mtoto wa kwenye filamu naye anafika kwenye kitanda cha mgonjwa huyo.

Kila mmoja wa hawa sita amepewa aina yake ya filamu, na hapa ndipo ustadi wa kazi hii ulipo. Mpiga picha mkuu, Ed Lachman, hakutafuta rangi moja ya kuwaunganisha. Sehemu ya Jack Rollins, inayoigizwa na Christian Bale, imetengenezwa kama kipindi cha historia cha televisheni: picha za zamani, mashahidi waliokaa vitini, na mwimbaji mwenzake wa zamani (Julianne Moore) akikumbuka.  Tunamjua Jack zaidi kwa masimulizi ya wengine, kama vile Dylan wa mwaka 1963 alivyokuwa amegeuzwa mali ya harakati, ishara ya watu waliomhitaji. Desemba ya mwaka huo, majuma machache baada ya Rais Kennedy kuuawa, Dylan alipokea tuzo ya Tom Paine kutoka kwa kamati ya kutetea haki za raia, akasimama mbele ya waliomtuza na kusema kwamba aliona kitu cha nafsi yake ndani ya Lee Harvey Oswald, aliyetuhumiwa kwa mauaji hayo. Ukumbi ukamzomea. Filamu inampa Jack tukio hilo, na kwa kuwa limewekwa katikati ya ushahidi wa watu wanaomheshimu, aibu yake inauma mara mbili.

Umbo la kila sehemu, kwa hiyo, lina hoja ndani yake. Linasema dunia ilimwonaje mtu huyu katika miaka ile.

Hakuna mahali hoja hiyo imefika mbali kuliko katika sehemu ya Jude Quinn, iliyopigwa kwa nyeusi na nyeupe kwa mtindo wa 8½, filamu ya Federico Fellini ya mwaka 1963 kuhusu mwongozaji aliyezingirwa na watu wanaotaka majibu. Jude anaigizwa na Cate Blanchett, na uchaguzi huo ndio uliozungumzwa zaidi. Haynes alikuwa na sababu ya kikazi. Picha ya Dylan wa mwaka 1966, mwembamba kama unyasi, nywele zimetimka, miwani myeusi, vidole visivyotulia, imechapwa kwenye fulana na mabango mengi hata haimshtui mtu tena. Wakati wake ilishtua. Kumkabidhi mwanamke umbo hilo kulirudisha ule ugeni. Blanchett anatembea na kuvuta sigara kwa usahihi wa kuogofya, lakini jicho la mtazamaji halipati raha ya kusahau kwamba linamtazama mwigizaji, na katika pengo hilo dogo mtu anaanza kumchunguza Dylan kana kwamba hajapata kumwona.

Tarehe 25 Julai 1965, katika tamasha la nyimbo za kiasili la Newport, Dylan alipanda jukwaani na gita la umeme mbele ya watu waliomtarajia na gita kavu na harmonika. Filamu inaonyesha bendi ikigeukia umati na kuumiminia risasi za rashasha. Hilo halikutokea, na ni kweli: ndivyo waliokuwepo walivyojisikia, na hakuna shahidi aliyehitaji kuitwa kulieleza. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Mei, katika ukumbi wa Free Trade Hall mjini Manchester, mtu mmoja gizani alimpigia Dylan kelele kwa jina la Yuda msaliti. Jude anaisikia kelele hiyohiyo. Anapoimba, sauti inayotoka ni ya Stephen Malkmus, aliyekuwa kiongozi wa bendi ya Pavement. Mwili wa mwanamke wa Australia, sauti ya mwanamume wa California, wimbo wa Dylan. Maungio hayo hayakufichwa, na sehemu nzima inasimama imara kwa sababu yapo wazi.

Kuhusu sehemu ya Robbie, mtazamaji mwenye haraka anaweza kuipita, naye atakuwa amepoteza. Heath Ledger, aliyefariki Januari 2008, miezi michache tu baada ya filamu kutoka, anaigiza mwigizaji aliyepata umaarufu kwa kumwigiza Jack Rollins katika filamu ya wasifu. Haynes ameweka wasifu wa kawaida ndani ya wasifu wake usio wa kawaida, akaonyesha unavyomfanya mtu: Robbie anapata fedha na sifa kwa kuvaa dhamiri ya mwingine, na nyumbani hana cha kumpa mkewe Claire. Charlotte Gainsbourg anamwigiza Claire kwa utulivu unaobeba sehemu yote. Ndoa yao inaanza na kwisha sambamba na vita vya Vietnam kwenye televisheni ya sebuleni, hadi mapatano ya Paris ya Januari 1973. Mwongozaji mwingine angetoa hotuba juu ya kizazi kilichochoka. Huyu ametoa mke anayetazama taarifa ya habari na kujua kwamba chake nacho kimefikia mwisho.

Watazamaji wengi hulalamikia sehemu ya Billy, ya Richard Gere, na malalamiko yana msingi. Inakwenda polepole, na mji wake wa Riddle una mafumbo mengi kuliko yanayohitajika. Hata twiga anapita mtaani. Lakini hapo pia mkono wa fundi unaonekana. Mwimbaji Jim James anaongoza wimbo wa maziko akiwa amepakwa usoni rangi nyeupe, kama Dylan alivyojipaka katika ziara yake ya Rolling Thunder mwaka 1975. Adui wa Billy, Pat Garrett, anaigizwa na Bruce Greenwood, ambaye katika sehemu ya Jude ni mwandishi wa habari anayemwandama kwa maswali. Anayewinda ana uso mmoja katika nyakati zote mbili. Na sauti ya msimulizi wa filamu ni ya Kris Kristofferson, aliyekuwa Billy the Kid mwenyewe katika filamu ya Sam Peckinpah ya mwaka 1973, ile ambayo Dylan alipewa nafasi ndogo ndani yake. Mtazamaji asiyejua hayo hakosi hadithi. Anayejua anaona jinsi nyuzi zilivyopitishwa chini ya kitambaa.

Kazi ya kuzipitisha ilikuwa ya mhariri Jay Rabinowitz. Filamu inafunguka kwa ajali ya pikipiki na mwili wa Jude ukiwa mezani tayari kupasuliwa. Dylan alianguka na pikipiki karibu na Woodstock tarehe 29 Julai 1966; alipona, lakini hakurudi kwenye ziara kubwa hadi mwaka 1974, na mtu wa mwaka 1966 hakurudi kabisa. Kwa kuanza na maiti, Rabinowitz na Haynes wamejipa ruhusa ya kwenda mbele na nyuma bila kalenda. Rimbaud wa Ben Whishaw anarudi kila mara na majibu yake makavu, mengi yakiwa yametokana na mahojiano ya Dylan, kama kituo cha kubadilishia treni. Kufikia dakika za mwisho, Billy anapodandia behewa na kukuta humo gita la yule mtoto, hakuna anayehitaji maelezo.

Yote hayo yangebaki karatasini bila nyimbo, na Haynes alikuwa ameshaonja uchungu wa kuzikosa. Superstar, filamu yake fupi ya mwaka 1987 kuhusu mwimbaji Karen Carpenter, iliyoigizwa kwa wanasesere wa Barbie, iliondolewa kwenye maonyesho kwa kesi ya hakimiliki ya nyimbo. Alipotengeneza Velvet Goldmine ya mwaka 1998, David Bowie alikataa kutoa zake. Kwa Dylan aliandika ukurasa mmoja tu, akiwa ameshauriwa na watu wa karibu na mwimbaji asitumie neno kama "sauti ya kizazi". Ukurasa ule ulieleza mtu aliyegawanyika katika wahusika kadhaa, na mwaka 2000 Dylan, ambaye kwa miongo minne alikuwa amewakwepa waandishi wa maisha yake, alikubali. Mhusika wa saba, wa mfano wa Charlie Chaplin, aliondolewa kabla ya kupiga picha. Jina la filamu lilitoka kwenye wimbo ambao Dylan aliurekodi mwaka 1967 bila kuumaliza, maneno yake mengine yakiwa ni kunung'unika tu, ambao haukuwahi kutolewa rasmi hadi santuri ya filamu hii ilipotoka.

Tamasha la Venice mwaka 2007 liliipa filamu tuzo maalumu ya majaji na kumpa Blanchett tuzo ya mwigizaji bora wa kike. Majumba ya sinema hayakujaa. Miaka 17 baadaye, James Mangold, yuleyule wa Walk the Line, alitoa A Complete Unknown, ambamo Timothée Chalamet anaigiza na kuimba kama Dylan kuanzia New York ya mwaka 1961 hadi Newport ya mwaka 1965. Ni filamu nzuri yenye mwanzo na mwisho, na anayetaka kujua nini kilitokea lini aanzie hapo. Anayetaka kujua kwa nini watu walizomea, na kwa nini aliyezomewa hakuweza kubaki alivyokuwa, aende kwa Haynes.

Haynes mwenyewe hakuliacha swali la namna ya kumsimulia mwanamuziki. Mwaka 2021 alitoa filamu ya kumbukumbu kuhusu bendi ya The Velvet Underground. Hakuwaita wachambuzi wala mashabiki mashuhuri waliozaliwa baadaye. Aliwahoji waliokuwepo tu. Akaigawa skrini, mwimbaji wa bendi hiyo, Lou Reed, wa kwenye filamu za Andy Warhol akitazama upande mmoja bila kupepesa, na upande wa pili New York ya miaka ya 1960 ikipita.