Mgongo wa Kaka

Bani la tumbaku, banda la kukaushia majani, halijazwi na mtu mmoja. Mmoja hupanda juu karibu na paa, akatanua miguu, kila unyayo juu ya fito yake. Mwingine hubaki chini akimpokeza vijiti vilivyofungiwa majani mabichi, kijiti baada ya kijiti, mpaka safu ya juu ijae ndipo washukie ya pili. Anayetazamwa ni yule wa juu, maana akiteleza ataanguka. Wa chini hudondokewa na utomvu na mchanga, shingo ikamkakamaa kwa kuangalia juu, na jioni hakuna anayemuuliza habari za shingo. Kwetu, nje kidogo ya mji wa Kehancha, Kenya, wa chini nilikuwa mimi. Mdogo wangu alikuwa mwepesi na hakujua kuogopa. Alipotaka kupanda aliniambia maneno mawili tu: "Kaka, inama." Nikainama, akakanyaga mgongo wangu, akaenda zake juu.

Jumamosi, tukishasugua viganja kwa mchanga ili ule utomvu mweusi ubanduke, tulikimbilia kibanda cha video sokoni. Jenereta ilinguruma nyuma ya ukuta wa mabati. Benchi zilikuwa za mbao zisizopigwa randa, na watoto wa ukoo wa Bukira walikaa bega kwa bega na wa ukoo wa Nyabasi, jambo ambalo baba zao hawakulifanya kila mwaka. Hapo ndipo tulipowaona Matt na Jeff Hardy: ndugu wawili wanamieleka wa Kimarekani, nywele ndefu, fulana za wavu, wakiingia ulingoni mbio. Haukupita muda mpinzani wao mmoja akawa ameegemea pembeni akihema. Matt akapiga magoti, akaweka viganja chini, mgongo ukawa bapa kama meza. Jeff akatoka upande wa pili mbio, akaukanyaga mgongo ule, akaruka kumwendea yule wa pembeni. Mdogo wangu alisimama juu ya benchi akipiga kelele. Mimi nilibaki nimekaa, macho yangu kwa yule aliyeinama.

Pigo lile wenyewe waliliita Poetry in Motion. Sisi hatukujua jina hilo, na kwa miaka mingi kwetu liliitwa "inama kaka". Nimelitazama mara nyingi tangu siku ile, na bado naona kwamba wanaolisifu humsifu nusu mtu. Aliyeinama haoni chochote ila turubai lililo chini ya pua yake. Husikia miguu ikija nyuma yake, na kwa mlio wa mbao hujua zimebaki hatua ngapi. Mgongo ukibonyea, mrukaji atapoteza nguvu ya kuruka. Ukiinuka mapema kidogo tu, atajikwaa na kutangulia uso. Basi hukaza tumbo, akazuia pumzi, akangoja uzito wa mtu mzima wa karibu kilo 100 umkanyage na kupita. Kisha, wakati watu wote wanamtazama aliye hewani, yeye huinuka kimya na kwenda kufanya linalofuata.

Nilikuwa mtu mzima niliposoma kwamba ndugu hao nao walikulia kwenye tumbaku. Nilisitisha kusoma kwa muda. Kwao ni Cameron, kijiji cha jimbo la North Carolina, na baba yao, Gilbert Hardy, alikuwa mkulima wa tumbaku. Walifiwa na mama wakiwa bado wadogo, wakalelewa na baba huyo. Matt alizaliwa Septemba 1974, Jeff Agosti 1977. Jimbo lao ndilo kitovu cha tumbaku ya mvuke Marekani, jamii ile ile ya majani ambayo wakulima wa kwetu Kuria wamekuwa wakiilima kwa mkataba wa kampuni tangu miaka ya 1970. Yeyote aliyevuna majani hayo asubuhi yenye umande anajua kizunguzungu chake: sumu ya jani hupenya kwenye ngozi, na kabla ya saa nne mtoto anatapika kando ya tuta. Sijui kitu kingine kinachonifanya niwaone watu wa mbali kuwa majirani kwa haraka namna hiyo.

Uani kwao walikuwa na trampolini, ile turubai iliyovutwa kwa springi ambayo watoto wa Marekani hurukia. Pamoja na marafiki wakaifanya ulingo, wakaunda shirikisho lao la utotoni na kuiga kila pigo waliloliona kwenye runinga. Mavazi waliyashona wenyewe. Hakukuwa na mwalimu. Leo huko Mukono, Uganda, vijana wa Soft Ground Wrestling wanapigana mieleka kwenye ulingo wa udongo uliozungushiwa mianzi, nao walianza hivyo hivyo, kwa kile kilichokuwa karibu na mkono. Sisi tulikuwa na malisho, na nyasi baada ya mvua za Aprili huwa laini kiasi cha kutosha.

Jeff alikuwa na miaka 16 alipopanda ulingo wa shirikisho kubwa kwa mara ya kwanza, mwaka 1994, dhidi ya Razor Ramon, jitu lililokuwa na jina. Alishindwa, na ndivyo alivyoajiriwa afanye. Kwa miaka iliyofuata ndugu hawa walikuwa wakiitwa kuja kupigwa ili wengine waonekane wakali. Hii ni sehemu ya ufundi wao ninayoiheshimu kuliko mikanda yote. Kabla ya kujifunza kushinda walijifunza kuanguka, na kuanguka ndiyo alfabeti ya mieleka. Chini ya lile turubai kuna godoro jembamba, chini yake mbao, chini ya mbao vyuma. Anayeanguka hukita kidevu kifuani ili kisogo kisigonge, huipokea sakafu kwa mgongo wa juu, hupiga viganja chini kwa wakati huo huo ili kishindo kisambae, na hutoa pumzi. Akikosea kimoja kati ya hivyo, mbao zitamfundisha.

Watu wazima waliotukuta kibandani walituambia mieleka hiyo ni maigizo. Kweli, matokeo hupangwa kabla. Lakini shingo ya mtu haipangwi. Anayekuinua juu ya kichwa chake ndiye anayeilinda shingo yako, na wewe unamkabidhi mwili wako mbele ya maelfu ya watu huku mkijifanya maadui. Ndiyo maana naiita kazi hii ufundi bila kusita, sawa na wa seremala au wa mpiga ngoma. Fundi wa mieleka hulipwa ili maumivu yaonekane makubwa na majeraha yawe madogo, na pale hesabu inapokataa, majeraha huwa ya kweli.

Katika mieleka ya wawili wawili kuna ufundi mwingine, wa kungoja. Asiye na zamu husimama nje ya kamba, mkononi ameshika kikamba kifupi kilichofungwa kwenye nguzo ya pembe yake. Asipokishika, mguso hauhesabiwi. Wakiingia wote wawili kwa pamoja, refa huhesabu mpaka tano, na mmoja lazima atoke. Basi wapinzani humtenga mmoja upande wao, wakamtwanga kwa kupokezana, na yeye hutambaa kwenda kwa nduguye, mkono umenyooka, vidole vimebaki na shubiri moja kufika, anavutwa mguu na kurudishwa kati. Wakati mwingine humgusa kweli, lakini refa alikuwa amegeuka, hakuona, na mguso ule ni bure. Kibanda kizima kilikuwa kinamlilia refa. Pale juu ya ukingo anayengoja hana la kufanya ila kunyoosha mkono, kupiga mguu, kuwaamsha watazamaji wapige makofi. Wasiojua hudhani anapumzika. Hapumziki, anajenga. Akipoa yeye, watazamaji wanapoa, na mguso utakapofika hautakuwa na uzito. Nimesimama hivyo chini ya bani, kijiti mkononi, mdogo wangu akitafuta fito ya kukanyaga gizani, nikamwita jina lake tu, taratibu, ili ajue nipo.

Mkanda wao wa kwanza wa ubingwa wa jozi waliutwaa katikati ya 1999 mjini Fayetteville, North Carolina, mbele ya watu wa jimbo lao. Oktoba 17 mwaka huo, mjini Cleveland, walipanda ngazi dhidi ya Edge na Christian kugombea mfuko wa fedha ulioning'inizwa juu ya ulingo, na usiku ule watu wanne wasio na majina makubwa wakawa na majina. Baadaye wakaja Bubba Ray na D-Von, waliojiita Dudley Boyz, na meza zao za kuvunjia watu. Jozi hizo tatu ziliongozana miaka miwili, na Agosti 2000 zikapambana mjini Raleigh, tena North Carolina, kwa ngazi, meza na viti. Nyumbani kwao, mbele ya watu wao, Hardy walishindwa. Naamini kushindwa kule ndiko kulikowafanya wapendwe zaidi.

Aprili 1, 2001, ndani ya Astrodome mjini Houston, mbele ya watu 67,925, Jeff alining'inia kwenye mikanda iliyofungwa juu, miguu hewani, ngazi imeondolewa chini yake. Edge akaruka kutoka ngazi nyingine akamkumba huko huko juu, wakashuka wote hadi chini. Picha hiyo kila kinyozi mwenye bango aliijua. Lakini katika pambano hilo hilo Matt na Bubba Ray walikuwa juu ya ngazi moja ilipoangushwa, wakapitiliza kamba na kupasua meza nne zilizopangwa nje ya ulingo. Kibandani kwetu mkanda wa video ulirudishwa nyuma mara nyingi ili tumwone tena Jeff. Nilimwomba mwenye kibanda arudishe ile ya Matt pia. Aliirudisha mara moja.

Miaka minane ilipopita, walirudi Houston wakiwa maadui. Jeff alikuwa ametwaa taji la dunia Desemba 2008, peke yake. Mwezi uliofuata Matt akampiga kwa kiti na kumkosesha taji, na Aprili 5, 2009 walipigana wenyewe kwa wenyewe mbele ya umati mkubwa, Matt akashinda. Ni hadithi iliyotungwa, najua. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na hawa waliicheza hadithi ile kwa ufundi, na kila mtu aliyewahi kuwa kaka aliielewa bila kuelezwa: miaka kumi ya kuwa mgongo, kisha siku moja unataka kuonekana. Mimi sikumchukia Matt usiku ule. Wenzangu wote walimchukia.

Maisha yao hayakuwa laini. Wote wawili wamepitia uraibu, na hawakuficha. Walitengana na kurudiana, wakatoka shirika hili kwenda lile. Aprili 2, 2017 huko Orlando, muziki wao ulipopigwa bila kutangazwa, watu zaidi ya 75,000 waliinuka kwa pamoja, na ndugu hao wakapanda ngazi tena, wakateremka na mikanda. Mwaka 2018 Matt alieleza kwamba miaka ya kujibwaga ulingoni ilikuwa imefanya mifupa ya kiuno na nyonga zake ianze kushikana. Niliposoma hivyo nilijishika kiuno bila kujua. Hata hivyo Oktoba 2024, mjini Detroit, kaka akiwa na miaka 50 na mdogo 47, walitwaa tena mikanda ya jozi, safari hii ya shirikisho la TNA, kwenye pambano la ngazi na meza.

Siku hizi tumbaku inapungua kwetu. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yalianzisha katika kaunti yetu ya Migori mpango wa kuwasaidia wakulima kuiacha na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, na majirani zangu kadhaa wameyapanda. Bani letu limebaki ghala la mahindi. Fito za juu bado zipo, nyeusi kwa moshi wa miaka mingi.

Desemba iliyopita mdogo wangu alikuja nyumbani kutoka Nairobi na wanawe. Mvua ilikuwa imefungua bati moja la bani na maji yaliingia kwenye magunia. Tulisimama ndani wawili tukitazama lile tundu la mwanga. Ngazi ilikuwa imeazimwa. Akavua viatu, akavipanga kando ya mlango, akajifuta nyayo kwa kiganja.

"Kaka," akasema.

Nilikuwa nimeshaweka viganja chini. Nilisikia hatua zake nyuma yangu, nzito kuliko zamani, nikazihesabu, nikakaza tumbo.