Gumba la Bosco, Vidole vya Mabinti

Mwambie mzee wa Kamatanda, kwetu Likasi huko Katanga, kwamba umetazama filamu ya bendi ya roki ya wasichana wa shule kule Japani, atakuuliza kwanza: nani anapiga besi? Ana haki ya kuuliza. Likasi, enzi ikiitwa Jadotville, ndiko mtafiti wa muziki Hugh Tracey alikomrekodi Mwenda Jean-Bosco mwaka 1952, kijana mzaliwa wa Bunkeya mwenye gitaa kavu na vidole viwili vya kulipigia. Gumba lilishika besi, kidole cha shahada kikaimba juu yake. Rekodi yake ya “Masanga” ilivuka mipaka, hata mtaalamu David Rycroft akaketi kuiandika noti kwa noti, ajue mtu mmoja anawezaje kuwa bendi nzima.

Filamu yenyewe ni Linda Linda Linda ya Nobuhiro Yamashita, ya mwaka 2005. Mpiga gitaa ameumia kidole, tamasha la shule limekaribia, mwimbaji hakuna. Kei, aliyezoea kinanda, anahamia kwenye gitaa. Kyoko yuko kwenye ngoma, Nozomi kwenye besi. Mwimbaji wanampata kwa bahati: Son, mwanafunzi kutoka Korea, anayeitikia “ndiyo” kabla hajaelewa anaombwa nini.

Filamu nyingi za wanamuziki zinanichosha. Mazoezi dakika moja, halafu uwanja umefurika watu. Hapa mazoezi ndiyo hadithi. Wanakosea, wanasimama, wanaanza upya. Usiku wanajipenyeza shuleni kwenda kupiga. Aliyewahi kushika gitaa anajua Kei amejitwika nini. Kwenye kinanda ukibonyeza, sauti inakuja. Kwenye gitaa mkono wa kushoto unakandamiza waya unaokata ngozi, wa kulia unatakiwa ufike wakati huohuo, na ukilegeza kidogo tu waya unakoroma. Ncha za vidole zinauma mpaka ziote sugu. Sugu haikopeshwi.

Ila jicho langu lilibaki kwa Nozomi. Kazi aliyonayo ni ile ya gumba la Bosco: kwenda, kurudi, kutoyumba wakati wengine wanapamba. Msikilizaji haioni mpaka ikosekane. Bosco alilifundisha gumba lake mpaka likaacha kumsubiri afikiri. Nozomi ana mzigo mwepesi zaidi kwa vidole, mzito zaidi kwa masikio, maana mguu wa Kyoko kwenye ngoma si wake, na lazima wafike pamoja. (Gumba la Bosco, kwa upande wake, halikuwahi kulala nyumba nyingine likachelewa mazoezi.)

Son naye tunamfahamu, hata kama hatujafika Korea. Kiswahili cha Katanga kilikolea kwenye kambi za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière, midomoni mwa watu waliotoka huku na huku, kila mmoja na lugha ya mama yake. Kuimba kwa lugha uliyoikuta mjini ni jambo la kawaida kwetu. Son anakwenda peke yake kwenye chumba cha karaoke kujizoeza maneno ya Kijapani, na anapopanda jukwaani lafudhi yake iko palepale, haombi radhi kwa ajili yake. Sauti iliyonyooka zaidi ingeuharibu wimbo.

Gitaa la Katanga limekuwa la wanaume mno. Masengo, Abelo, Bosco: tunawataja kwa fahari, na orodha ni ya kaka tupu. Guinea ilianza mapema, mwaka 1961, kwa bendi ya wanawake askari iliyokuja kujulikana kama Les Amazones de Guinée. Los Angeles nako mabinti wadogo walichukua jina la bendi yao kwenye filamu hii, wakajiita The Linda Lindas.

Wasichana wa kwaya zetu wanashika sauti ya pili bila kuyumbishwa na ya kwanza, Jumapili baada ya Jumapili. Mwenye masikio hayo ameshavuka nusu ya kazi ya besi. Kilichobaki ni kaka zao waachie gitaa, tena wasibaki mlangoni kuwaelekeza namna ya kulishika.