Usalama wa Kiroho katika Sarufi ya "Mwamba wenye Imara"

"Mwamba wenye Imara", wimbo uliomo katika Tenzi za Rohoni, ni tafsiri ya wimbo wa Kiingereza wa Augustus Toplady, kasisi wa Kanisa la Uingereza, uliochapishwa kikamilifu mwaka 1776. Waumini huuimba ibadani na misibani. Msomaji wa haraka anaweza kuuona kuwa wito wa kuikimbia dunia: taabu zikizidi, mtu ajifiche. Sarufi ya ubeti wa kwanza inaukanusha usomaji huo.

Kitenzi kikuu ni nitajificha. Mwimbaji wa Toplady anasihi aruhusiwe kujificha. Tafsiri ya Kiswahili imeligeuza ombi hilo kuwa azimio. Kiambishi -ji- kinamfanya mwimbaji kuwa mtenda na mtendwa kwa pamoja, nayo njeo ya -ta- inaliweka tendo mbele yake. Anayeimba hajafika, bado yumo katika taabu. Kwa upande mwingine, kazi ya maji na damu inaelezwa kwa hu- ya mazoea. Utakaso unaendelea sasa, ilhali maficho yangali yanatarajiwa. Kwa hiyo, usalama unaozungumziwa hapa si kuondolewa matatizo, bali ni kuyapitia baada ya kuamua pa kuelekea. Maana hiyo inashabihiana na ile ya neno kimbilio, linalotumika katika Zaburi ya 46 ya Biblia ya Kiswahili. Nomino hiyo imetokana na kukimbilia, kauli ya kutendea ya kukimbia. Mnyambuliko huo unaupa woga mwelekeo: anayekimbia hukimbia kitu, anayekimbilia ana mahali anapokwenda.

Hata hivyo, tafsiri hii imepoteza jambo zito. Mwamba wa Toplady umepasuliwa kwa ajili ya mwenye dhambi, na ufa ndio mlango wa kuingilia. Neno imara limeuziba ufa huo. Hasara hiyo si ya kimtindo tu. Mfiwa anayeimbiwa uthabiti anaweza kuelewa kwamba imani inamtaka asitikisike, wakati matini asilia inamwambia kuwa anahifadhiwa na aliyejeruhiwa. Faraja ya kwanza inamdai nguvu. Ya pili inampokea alivyo.

Ufa wenyewe haukutoweka kabisa. Umesalia katika kiashiria humo, kinachoonyesha yalikotoka maji na damu. Mwimbaji anajificha kwako, kwa KU isiyobainisha mipaka ya mahali, lakini kinachomtakasa kinatoka ndani, kwa MU. Bila kiashiria hicho, mwamba ungebaki jiwe gumu lisiloingilika. Mfasiri atakayeurudia wimbo huu hana budi kuanzia hapo, kwa kuurudisha mpasuko mahali ambapo waimbaji wataweza kuusikia.