Kusoma kwa sauti kabla ya kusahihisha: juu ya matini ya André Yav

Mwanafunzi anayepewa kwa mara ya kwanza ukurasa wa Vocabulaire de Ville de Elisabethville hukimbilia kalamu nyekundu. Batu anaigeuza kuwa watu, maneno yaliyoshikamana anayatenganisha, vituo anavitia apendapo. Matini inatoka safi, lakini sauti ya mwenyewe imekwisha potea.

Matini hiyo iliandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani katika mji ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi. Jina lake ni la msamiati. Yaliyomo ni historia, tena historia ya kazi na mateso kama maboyi wenyewe walivyoikumbuka. Imepigwa kwa taipureta katika Kiswahili cha Katanga, na tahajia yake haifuati kanuni moja.

Johannes Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990 katika kitabu History from Below, alikumbana na ugumu uleule, ila hakuanza kwa kusahihisha. Aliuliza kwanza ugumu wenyewe unatoka wapi. Yav aliandika kama mtu anavyosema, na mipaka ya maneno na ya sentensi, isiyoonekana karatasini, inasikika mdomoni. Basi Kalundi Mango, mjuzi wa lugha hiyo, aliisoma kwa sauti, akarekodiwa, na maandishi mapya yakatolewa katika ukanda. Sentensi nyingi zilizoonekana kuwa vurugu zilipata mpangilio wake.

Njia hiyo tunaisifu, lakini ina hatari yake. Asomaye kwa sauti huchagua: pale Yav alipoacha maana mbili, msomaji hubakiza moja. Ndiyo maana ni vema kitabu kikatoa pia nakala ya kurasa za asili, msomaji apate kulinganisha mwenyewe.

Lawama yetu ni nyingine. Tafsiri na maelezo yote yako katika Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili hiki, mjukuu wa boyi labda, hana budi kupitia lugha ya kigeni ili aelezwe maneno ya babu yake. Toleo lenye maelezo ya Kiswahili, na la bei ambayo mwanafunzi ataimudu, lingefaa kutayarishwa hapa, maadamu wapo bado wazee walioufahamu mji ule na wanaoweza kuisoma matini hii kwa sauti yao.